Nimenyimwa kadi ya mkopo: kuna aliyewahi kupiga simu benki wakageuza uamuzi?

#1 BarafuYaMoto
Wakuu, salaam.
Nipo Minnesota, mwaka wa tatu sasa. Nina kadi moja tu, ile ya kuweka dhamana: nilitoa dola 300 nao wakanipa limiti ya dola 300, yaani najikopesha hela yangu mwenyewe. Miezi 14 sijachelewesha malipo hata siku moja. Wiki iliyopita nikaomba kadi ya kawaida kwenye benki ileile mshahara wangu unakoingia. Mtandao ukazunguka weee, mwisho ukasema watanijibu kwa barua. Barua imefika jana. Sababu mbili: historia yangu ya mikopo ni fupi, na deni la kadi ni kubwa ukilinganisha na limiti.
Deni lipi jamani? Kila mwezi nalipa lote, sibakizi hata senti!
Kuna mzee kazini ananiambia benki zina dawati la kupitia upya maombi, unapiga simu unaongea na mtu, naye anaweza kugeuza uamuzi. Kweli, au ni stori za chumba cha chai? Na kama ni kweli, mtu unaanzaje kuongea? Kiingereza cha ana kwa ana ninacho, cha kwenye simu ndicho kinanitoa jasho.

#2 SpanaNamba13
Kweli kabisa. Mimi walinikataa asubuhi, nikapiga mchana, nikakubaliwa kabla sijamaliza kula. Dakika 11. Dada wa upande wa pili aliniuliza mambo matatu: nafanya kazi gani, kodi ya nyumba nalipa kiasi gani, na kadi nataka ya nini. Nikajibu bila kujiumauma. Kompyuta ilisema hapana, mtu akasema ndiyo.

#3 NaziMbovu
#2 ulikuwa na nyota yako siku hiyo. Mimi nimepiga mara tatu, benki mbili tofauti. Kila mara nasomewa ileile barua niliyonayo mkononi, ila kwa sauti tamu zaidi.

#4 KaraniMstaafu
Nimekaa miaka tisa kwenye ofisi ya mikopo ya kadi, huku huku Marekani, kwa hiyo niseme kidogo.
Sheria haiilazimishi benki kukufikiria mara ya pili. Tusidanganyane hapo. Inachoilazimisha ni kujibu na kusema sababu: sheria ya haki sawa ya mikopo ya mwaka 1974 na kanuni zake zinaipa benki siku 30 tangu ombi lako likamilike kukujulisha, na ikikukataa ikupe sababu mahususi au ikueleze kwamba una haki ya kuzidai. Dawati la kupitia upya ni utaratibu wa benki zenyewe. Nyingine wanalo na namba yake, nyingine unazungushwa kupitia huduma kwa wateja hadi upate anayejua.
Kazi ya mtu wa dawati ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Ana skrini yenye ombi lako, ripoti yako ya mikopo (rekodi ya madeni yako na unavyoyalipa) na sababu zilizokukwamisha. Sababu nyingine anaruhusiwa kuzifungua kama ana taarifa mpya. Nyingine zimefungwa, hata umlilie. Ndiyo maana #2 na #3 wote wanasema kweli.
BarafuYaMoto, barua isome yote, upande wa nyuma pia. Kama walitumia ripoti, lazima iwepo kampuni iliyoitoa (Equifax, Experian au TransUnion), alama waliyoitumia (namba inayokadiria kama utalipa deni), na haki yako ya kupata nakala ya ripoti hiyo bure ukiiomba ndani ya siku 60. Ipate hiyo kwanza. Kupiga simu bila kuiona ripoti ni kwenda kwa fundi bila kujua gari linalia wapi.

#5 MamaPacha
Mdogo wangu BarafuYaMoto, deni lako nimeshaliona hata kabla ya ripoti 😅
Unalipa lini? Nakisia unasubiri stetimenti (hesabu ya kadi ya mwezi) itoke ndipo ulipe yote. Sasa, kwa kawaida kampuni ya kadi hupeleka kwenye ripoti salio lililokuwepo siku stetimenti inafungwa. Wewe unalipa baadaye, picha imeshapigwa. Kwenye ripoti unaonekana kadi imejaa.

#6 BarafuYaMoto
Mama, umeroga. Nimeingia kwenye ripoti sasa hivi. Salio dola 278, limiti dola 300. Na hela hiyo nilishailipa yote! Ni bili ya simu na mafuta ya gari tu, basi.

#7 MamaPacha
Asilimia 93 hiyo. Kompyuta haijui kama ni bili ya simu au umehongea. Kwenye hesabu za FICO, kampuni inayotengeneza hizo alama, kiasi unachodaiwa kina uzito wa kama asilimia 30, cha pili baada ya historia ya kulipa kwa wakati, yenye asilimia 35. Ukiwa na limiti ya dola 300, gari moja tu la kujaza mafuta linakuharibia picha. Lipa siku tatu nne kabla stetimenti haijafungwa, salio liingie likiwa dola 10 au 15, halafu ndipo upige.

#8 NaziMbovu
"Umehongea" 😂😂 Mama Pacha leo umeamkaje?

#9 Kaskazi
Mimi sababu yangu haikuwa alama wala deni. Nilikuwa nimeifungia ripoti yangu, benki isiweze kuiona hadi niifungue. Si mnakumbuka mwaka 2017 Equifax walipoibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147? Nikafunga kampuni zote tatu, nikasahau. Miaka ikapita, naomba kadi, nakataliwa, naomba nyingine, nakataliwa. Barua imeandika tu kwamba hawakuweza kupata ripoti yangu. Nikafungua kufuli kwenye mtandao, nikapiga dawati, wakavuta ripoti nikiwa hewani, nikapita.
Tangu Septemba 2018 kufunga na kufungua ni bure, na ukifungua kwa mtandao au kwa simu wanatakiwa watekeleze ndani ya saa moja. Kwa hiyo kabla hamjalia ubaguzi, angalieni kufuli.

#10 JinaLaBabu
#9 wewe ulijifungia mwenyewe. Mimi nilichanganywa na mtu mwingine.
Huku wanataka jina la kwanza na la ukoo. Sisi tuna jina langu, la baba, la babu. Kwenye pasipoti babu yupo mwisho, kwenye akaunti ya benki karani aliandika baba mwisho, kwenye kitambulisho cha jimbo wakaunganisha baba na babu kama neno moja. Tarehe ya kuzaliwa nimeandikiwa tarehe 1 Januari, kama nusu ya watu niliokuja nao. Siku moja nakuta kwenye ripoti yangu mkopo wa gari wa mtu wa jimbo ambalo sijawahi hata kupita kwa basi, na amechelewa malipo mara nne!
Nilipeleka pingamizi kwa kampuni ya ripoti, sheria inawapa kwa kawaida siku 30 kuchunguza. Wakaufuta. Nikapiga benki nikiwa na barua ya ufutaji, yule bwana akaniambia ombi la kwanza limeshazeeka, niombe upya. Nikaomba, nikapata. Je, hapo dawati lilinisaidia? Hata sijui nimhesabie nani.

#11 MpigaDebe_Dallas
Mnazunguka mbuyu. Ukweli ni kwamba wakiona jina la kigeni na makaratasi ya muda, wanakata. Full stopu.

#12 KaraniMstaafu
#11 taratibu. Sheria niliyoitaja inakataza kumnyima mtu mkopo kwa rangi, dini, jinsia, asili ya taifa alikotoka, hali ya ndoa, au umri alimradi ana umri wa kuweza kuingia mkataba. Jina si sababu halali. Lakini kanuni zake zinairuhusu benki kuangalia kama una ukaazi wa kudumu na hadhi yako ya uhamiaji, kwa hoja ya kujua itadai vipi hela yake ukiondoka. Ni vitu viwili tofauti, ingawa ukiwa upande wa kukataliwa vinauma sawasawa. Sisemi ubaguzi haupo. Nasema barua ya ndugu yetu imetaja deni na ufupi wa historia, na deni ameliona kwa macho yake.

#13 MpigaDebe_Dallas
Karani hujaacha kazi bado wewe 😀 unaitetea benki hadi kwenye pensheni.

#14 TajiriMtarajiwa
Njia rahisi: piga, waambie mshahara umepanda, taja namba kubwa. Hawaulizi ushahidi hawa. Nimefanya.

#15 Kaskazi
#14 futa hiyo posti kaka. Kuidanganya benki kwa makusudi kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai la shirikisho. Kiwango cha juu ni miaka 30 jela na faini hadi dola milioni moja. Sijasema utafungwa miaka 30 kwa kadi, lakini usiwafundishe watu, wengine humu wanasubiri uraia.

#16 TajiriMtarajiwa
Nilikuwa natania wazee.

#17 MamaPacha
Ulikuwa hutanii, ila tumekusamehe.
Kuna kipato halali ambacho watu wengi hawakiandiki. Ukiwa na miaka 21 na kuendelea, tangu mwaka 2013 kanuni zinaruhusu benki kuhesabu kipato unachoweza kukitumia kihalali, hata kama anakiingiza mwenzi wako. Mimi nilipokuwa nyumbani na pacha niliandika sifuri, nikanyimwa. Nikapiga, mama mmoja akaniuliza, "Mshahara wa mume wako unaingia akaunti ya pamoja?" Nikamwambia ndiyo. Akabadilisha pale pale, nikakubaliwa. Kwa hiyo kwangu mimi dawati ni mahali pa kusahihisha fomu. Huruma hazipo pale.

#18 SpanaNamba13
Kila mtu hapa ana kosa lililosahihishwa: kufuli, jina, kipato. Mimi fomu yangu haikuwa na kosa! Sikubadilisha kitu. Niliongea tu na mtu, akanikubalia. Elezeni hiyo.

#19 KaraniMstaafu
Huenda mashine haikukukataa kwa deni bali ilishindwa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Yale maswali matatu ya yule dada pengine yalikuwa ya kukutambua, na majibu yako yalilingana na ripoti. Ulifikiri mnapiga soga.

#20 SpanaNamba13
Barua iliandika "maombi mengi ya hivi karibuni", haikuandika utambulisho. Ninayo bado.

#21 KaraniMstaafu
Basi hapo umenishinda. Sina jibu.

#22 NaziMbovu
Karani kakwama, uzi huu uwekwe juu 📌
Jibu ninalo mimi: inategemea nani kapokea. Kuna mtu kaamka vizuri, kuna mtu kagombana na mkewe. Ukisikia sauti imenuna, shukuru, kata, piga tena baada ya saa mbili.

#23 Kaskazi
Si ulisema ulipiga mara tatu ukakataliwa zote?

#24 NaziMbovu
Wote walikuwa wamegombana na wake zao.

#25 Boda_wa_Boston
Niingize na langu, sababu sijaona aliyeligusa. Kama tayari una kadi kwenye benki hiyohiyo, sababu huweza kuwa kwamba wamefika mwisho wa kiasi wanachotaka kukukopesha kwa jumla. Hapo usiombe huruma, omba kuhamisha. Mimi nilikuwa na limiti ya dola 8,000 kwenye kadi ya zamani. Nikamwambia, toa 3,000 huku weka kule. Kwa benki hakuna hatari mpya, ni hela ileile imehama mfuko. Dakika tano tu.
Ila kuna ukuta ambao simu haitoboi. Chase, kwa mfano, wanajulikana kwa kile watu wanachokiita 5/24: ukiwa umefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24, za benki yoyote, jibu kwa kawaida ni hapana. Hawajaibandika ukutani, lakini wawindaji wa pointi, wale wanaofungua kadi kwa ajili ya zawadi, wanaijua.

#26 BarafuYaMoto
Asanteni wote. #25 mimi hata ya pili sina, hiyo ya tano nitaiota. Swali: nikipiga, wanachungulia ripoti mara ya pili? Nimesikia kila wakichungulia alama zinashuka.

#27 MpigaDebe_Dallas
Ndiyo, wanachungulia tena, na inakaa miaka saba.

#28 MamaPacha
Hapana, kaka. Miaka saba ni ya malipo yaliyochelewa na madeni yaliyoshindikana. Kuchunguliwa kwa sababu ya ombi kunakaa miaka miwili kwenye ripoti, na FICO wanahesabu ya miezi 12 tu. Mara nyingi ni alama chache, chini ya tano. Ukipiga mapema kwa kawaida wanatumia ripoti waliyokwisha kuivuta. Lakini muulize kabla hajagusa kitu: "Utavuta ripoti mpya?" Akisema ndiyo, wewe ndiye unayeamua.

#29 Kaskazi
Hapo MamaPacha unajipinga kidogo. Ulimwambia alipe kwanza, asubiri stetimenti mpya, ndipo apige. Kama wanatumia ripoti ya zamani, salio la dola 278 bado litakuwepo pale pale!

#30 MamaPacha
Duh. Umenikamata. Basi apige sasa na amweleze kwa mdomo kwamba ameshalipa, amtajie tarehe. Wakikataa, asubiri picha mpya aombe upya.

#31 KaraniMstaafu
Au amwombe ofisa avute mpya baada ya stetimenti. Benki nyingine hukubali ndani ya siku 30 za ombi, nyingine wanataka ombi jipya. Ni kuuliza tu.

#32 KaratasiYaMkaa
Mimi sina ujuzi wa alama, nataka kusimulia lugha. #1 umesema Kiingereza cha simu kinakutoa jasho. Mimi nilimwambia mpokeaji, "Swahili interpreter, please." Akasema subiri. Nikasubiri kama dakika nne, nikasikia sauti: "Hujambo bwana, mimi ni mkalimani wako wa siku ya leo." Kiswahili cha taarifa ya habari! Tatizo, kila benki ikisema "credit history" yeye anatafsiri "historia ya sifa zako njema." Nikaulizwa kwa nini historia ya sifa zangu njema ni fupi. Nikajibu nimefika nchini juzi, nyumbani sifa zangu ni ndefu sana.

#33 NaziMbovu
😂😂😂 nimemwaga chai

#34 JinaLaBabu
Kwani tuseme nini? Kadi ya mkopo, kadi ya deni, kadi ya malimbikizo? "Kadi ya mkopo" mama yangu alidhani nimechukua mkopo, akaanza kuniombea.

#35 Boda_wa_Boston
Si uongo, ni mkopo. Mama ana akili kukuzidi.

#36 Kaskazi
#32 ukapata au hukupata?

#37 KaratasiYaMkaa
Sikupata. Lakini nilifurahi.

#38 SpanaNamba13
Turudi kwenye mada. BarafuYaMoto, usianze na "why did you deny me". Ukianza hivyo umeshamweka mtu kwenye kujitetea. Sema umeomba kadi, umepata barua, ungependa ombi liangaliwe tena, na una taarifa ya kuongeza. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi tunapenda kujaza ukimya, mwisho unataja na deni la shangazi.

#39 MamaPacha
Uwe na barua, hati ya mshahara, na kiasi cha kodi. Akiuliza kadi unataka ya nini, usimwambie zawadi ya kujiunga, hata kama ndiyo kweli. Mwambie mshahara wako unapita kwao na unataka mambo yako yawe mahali pamoja. Si kweli?

#40 BarafuYaMoto
Ni kweli, na zawadi pia ni kweli 🙈 Napiga kesho mapumziko ya saa sita.

#41 BarafuYaMoto
Mrejesho. Nimepiga. Wa kwanza alikuwa huduma kwa wateja, hajui kitu, akanihamishia. Wa pili baba mmoja mpole. Nikasema nilichofundishwa na #38, nikanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu hadi nikahisi simu imekatika. Akaniuliza kazi, mshahara, kodi. Nikamweleza kuhusu dola 278, kwamba nililipa yote siku nne baada ya stetimenti. Akasema "I see that." Sijui aliona wapi. Kisha akasema anwani niliyoandika kwenye ombi haina namba ya mlango, na kwenye ripoti ipo. Nikamtajia. Akasema hajachungulia ripoti upya, na nitajibiwa ndani ya siku saba hadi kumi.

#42 NaziMbovu
Siku saba hadi kumi = hapana iliyovaa tai.

#43 JinaLaBabu
Namba ya mlango! Nilijua tu ni mambo ya utambulisho. Niandikieni hiyo kwangu.

#44 BarafuYaMoto
Wakuu, leo vimekuja viwili kwa pamoja. Barua ya posta inasema uamuzi wa awali haujabadilika. Barua pepe inasema "Karibu", limiti dola 1,000. Nimeingia kwenye programu ya benki, kadi ipo, inasema imetumwa.

#45 MamaPacha
Hongera mdogo wangu! Barua ya posta ilitoka kabla, iache. Nilisema ni lile salio.

#46 Kaskazi
Salio hawajaliona jipya, amesema mwenyewe hawakuvuta ripoti. Ni namba ya mlango.

#47 SpanaNamba13
Ni ule ukimya. Mtu aliongea na mtu.

#48 Boda_wa_Boston
Benki inaona mshahara unaingia kila baada ya wiki mbili, ingemkataa ya nini? Hata "I see that" ilikuwa ni hiyo, waliona malipo yakitoka kwenye akaunti ya kwao.

#49 KaraniMstaafu
#48 hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote humu, ingawa siwezi kuapa. Hongera BarafuYaMoto. Sasa kaa miezi sita bila kuomba kitu kingine.

#50 BarafuYaMoto
Nashukuru sana wote. Sasa nimepumua. Ile ya dhamana nimeshaifunga asubuhi hii, dola 300 zangu zinarudi.

#51 MamaPacha
Umefanyaje?

#52 Kaskazi
Ameifunga. Kadi yake pekee yenye historia.

#53 KaraniMstaafu
Msimtishe. Akaunti iliyofungwa bila doa huweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 10, na FICO bado wanaihesabu umri. Hasara yake ni zile dola 300 za limiti tu.

#54 MamaPacha
Karani, hajui hata kadi mpya itafika lini. Leo mafuta anaweka na nini?

#55 BarafuYaMoto
Na basi.